Mabati Mekundu ya Banda la Njiwa

Nyumbani, 3 Februari 1988

Wifi yangu,

Kwanza nikusalimu, maana nikianza na shida utasema sina adabu. Sisi huku tupo. Wanao hawajambo. Mkubwa amenipita urefu na amejifunza kujibu. Mdogo ameng'oka meno mawili ya mbele, basi binti wa watu hacheki tena bila kuziba mdomo kwa mkono. Mguu wangu wa kukanyagia cherehani unavimba ikifika jioni, lakini nguo za kushona zipo. Wanakuulizia. Nawaambia shangazi yenu anauza mabati mbali, siku moja atakuja.

Kaka yako leo ametimiza miezi saba kaburini. Sikukuandikia kwa kuwa nilikuwa nangoja barua yako, na labda wewe ulikuwa unangoja yangu. Nimeona tutazeeka hivyo.

Shida yenyewe ni banda la njiwa. Linavuja kila mahali. Mabati yameliwa na kutu mpaka ukisimama ndani unaiona mbingu kwa vitundu vitundu. Wiki iliyopita nilikuta makinda mawili yamekufa kwa baridi, yamelowa chini ya mama yao. Kuna mtu anakuja kila Jumamosi, anataka kuwachukua njiwa wote kumi na tisa kwa mpigo, anasema banda nilivunje nipande mboga. Nusura nikubali. Halafu jioni nikawaona wanarudi, wanatua mmoja mmoja kana kwamba kaka yako bado amesimama pale na kopo lake la mtama, nikashindwa. Wakiondoka hawa, sijui kitu gani cha kwake kitabaki hapa nyumbani kinachotembea.

Wewe ndiye unayejua mabati. Niambie nitafute ya namna gani na yafungwe vipi, mimi najua kitambaa tu. Haya ya sasa unayafahamu, ni yale ya chumba cha marehemu mama yenu. Sitaki kulifufua jambo hilo, nayataja tu ili ujue umri wake.

Nilitaka pia kukuuliza habari za Soksi, yule njiwa. Lakini acha, tutaongea siku nyingine.

Ni mimi wifi yako, mwenye mguu mmoja mzima.


Ghalani, 27 Februari 1988

Wifi,

Barua yako imenikuta kazini, nikaisomea juu ya rundo la mabati mpaka karani wa mapokezi akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia nilifiwa mwaka jana. Mimi sijambo. Kikohozi cha vumbi la ghala bado ninaishi nacho kama mpangaji. Chumba changu ni kile kile, nyuma ya duka la vioo. Mwambie huyo binti asiye na meno kwamba shangazi yake naye ana pengo, na anacheka bila kuziba chochote.

Kuhusu msiba, telegramu ilichelewa kunifikia. Nilikwisha kusema hivyo kwenye kadi ya rambirambi. Tusiende mbali.

Twende kwenye mabati, huko ndiko ninakojiamini. Usidanganywe na namba ya geji. Namba ikiwa ndogo, bati ni nene. Watu wazima na akili zao wanakuja hapa kila siku wakitaka thelathini na mbili kwa kuona ni kubwa, na wauzaji wengine wanawaacha wapotee. Banda lako linataka ishirini na nane. Chukua la migongo ya mawimbi, lile la kawaida, kwa sababu kila fundi analijua. Lishike kwa ncha mbili, ulitikise. Likilia kwa sauti nyembamba na kuyumba sana, lirudishe. Pima paa kwa mkono wako mwenyewe, usimwachie fundi, kisha niletee vipimo. Nitachagua mimi hapa na kuyaleta kwa lori. Usiniulize mambo ya malipo, njiwa ni wa kaka yangu.

Tena, mabati ya zamani yaondoke yote. Usichanganye hata moja na mapya, kutu ya la zamani huhamia kwenye jipya. Yatupe, au mpe anayeyataka. Sitaki kusikia kwamba yapo.

Huyo wa Jumamosi mwambie akanunue kuku.

Wifi yako.


Nyumbani, 21 Machi 1988

Wifi yangu mkali,

Tumepokea salamu zako. Mdogo amefurahi kusikia una pengo, sasa anasema nyinyi wawili ni chama. Mkubwa amefaulu mtihani wake, kajaa nyumba nzima.

Barua yako ilichelewa siku tatu tu, nami nikawa nimeshaumbuka. Nilikwenda dukani nikachukua mawili ya geji thelathini na mbili, nikarudi nayo kichwani na maringo. Mdogo akakaa juu ya moja kuvua viatu, likapinda. Sasa hayo mawili ni ukuta wa kibanda cha bata wa jirani.

Nimepima kwa tepu yangu ya kushonea. Upande mrefu ni inchi mia na ishirini, na kutoka juu mpaka chini kwenye mteremko ni themanini na nane. Kwa mazoea nilitaka kuongeza mbili za pindo. Fundi nimempata, huyu wanayemwita Taratibu. Jina amelipata kwa haki. Amekuja mara mbili kulitazama banda, na mara zote mbili amelitazama.

Lakini mabati ya mama siyatoi mpaka uniambie kitu. Miaka minne imepita tangu ile siku uliyokuja ukakuta chumba cha mama hakipo na paa lake liko juu ya njiwa. Maneno uliyomwambia kaka yako siyarudii. Yale uliyoniambia mimi, kwamba niliingia kwenu na kapu moja na sasa naamua nani alale chini ya paa la mama yenu, hayo nayakumbuka kila neno. Pamoja na yote, asubuhi kaka yako alikufungia Soksi kwenye kapu kama desturi yenu. Miaka yote wewe ukifika huko unamwachia njiwa, naye akitua hapa kaka yako anatoka uani anasema kwa sauti, "Kafika", ndipo sote tunakula kwa amani.

Soksi hakutua. Nakuuliza kwa upole, ulimwachia?

Wifi yako.


Ghalani, 30 Aprili 1988

Wifi,

Samahani kwa kuchelewa, tulikuwa tunahesabu mali ya ghala. Hongera kwa mkubwa. Mguu uweke kwenye maji ya moto.

Mabati sita ya futi nane yameondoka jana kwa lori la saruji, yamefungwa kwa turubai. Pindo lako si baya: bati litokeze inchi nne juu na nne chini, maji yadondoke mbali na ukuta. Taratibu aanzie upande ambao mvua haitokei, ili kila bati linalofuata lilale juu ya mwenzake na upepo usiingie chini yake. Yapandane mgongo mmoja na nusu. Misumari ni ile yenye mpira, nimeiweka kwenye mfuko, na ipigwe juu ya mgongo wa bati, kamwe isipigwe bondeni kunakopita maji. Juu ya ukuta aache nafasi ya kiganja na kuiziba kwa wavu, njiwa wapate hewa, la sivyo mchana utawaoka.

Soksi nilimwachia siku ile ile niliyofika. Njiani mwewe ni wengi. Basi.

Wifi yako.


Nyumbani, 5 Juni 1988

Wifi,

Salamu za watoto unazo, na mimi ninazo za kwangu, lakini leo nitakuwa mfupi kwenye salamu na mrefu kwenye mengine.

Mabati yamefika salama, mazuri, yanang'aa mpaka jirani amekuja kujitazama. Taratibu ameyafunga kwa siku tisa. Nilikuwa na oda ya sare za shule, sikusimama chini ya ngazi kumchunga. Mvua ya kwanza ikanyesha, banda likavuja kuliko zamani. Nikapanda mwenyewe. Misumari yote ameipiga bondeni. Namuuliza, anajibu kwamba mgongoni nyundo inateleza, na kwamba amefanya hivyo miaka ishirini hakuna aliyelalamika. Nadhani waliolalamika walichoka kumngoja.

Njiwa nao wamelikataa paa. Jioni ya kwanza walizunguka mara tano, mng'ao ukawatisha, wakaenda kulala juu ya nyumba ya jirani. Nilisimama na kopo la mtama nikiwaita mpaka sauti ikakauka. Nililia, wifi. Nilidhani nimewafukuza kwa mikono yangu. Siku ya nne nikayapaka mabati maji ya udongo yakafifia, ndipo wakaanza kurudi. Wamerudi kumi na saba.

Mabati ya mama nimeyateremsha kama ulivyotaka, lakini sikuyatupa. Nimeyalaza juu ya kuni. Kwenye yale matatu bado iko ile rangi nyekundu aliyopaka mama mwenyewe, mpaka pale kopo lilipomwishia katikati ya bati. Nimeyatazama wiki nzima. Uliponiandikia kwamba ulimwachia Soksi siku ile ile, nilipumua, nikasema basi kosa langu ni dogo. Lakini halikukaa dogo, limerudia ukubwa wake.

Sikia. Kaka yako hakukivunja chumba cha mama. Ukuta wa nyuma ulianguka wenyewe kwenye mvua za mwaka ule, usiku mmoja, kikabaki kifusi. Akayaokoa mabati. Wewe ulipokuja ukapiga kelele kabla hajafungua mdomo, na unamjua, akipigiwa kelele anafunga. Wiki tatu baada ya wewe kuondoka aliniita nimwandikie barua. Unajua kalamu ilimshinda, barua zake zote ulizowahi kupata ni mkono wangu. Akakaa kwenye kiti cha wateja akasema niandike hivi: mwambie ukuta ulianguka. Mwambie mabati nimeyaweka bandani kwa sababu njiwa wake wanalijua lile paa jekundu, wamekua wakitua juu yake, nisingetaka anayetoka kwake apotee. Mwambie kama amenielewa amwachie Soksi, akitua nitajua yamekwisha.

Mimi nilikuwa bado na lile kapu moja moyoni. Nikaandika kwamba kaka yako anakusalimu, hajambo, mvua zimenyesha vizuri. Nikamsomea yale aliyoyasema yeye, neno kwa neno, kutoka kwenye karatasi ambayo haikuwa nayo. Akaridhika, akaibandika stempu mwenyewe.

Kila jioni alikuwa anatoka uani. Mwanzoni alisimama, mwishoni alitoka na kigoda. Mimi nilikuwa ninamwona kutoka kwenye cherehani. Ningeweza kuandika barua nyingine siku yoyote. Kila mwezi ilizidi kuwa ngumu, maana ningelazimika kumwambia kwa nini. Amekufa anaamini ulimkatalia.

Sasa umeniambia njiwa alichukuliwa na mwewe. Hata ningeandika, asingefika. Natamani hilo linipoze, halinipozi.

Wifi yako, kama bado unaniita hivyo.


Chumbani, 27 Juni 1988

Wifi,

Barua yako nimekaa nayo wiki mbili. Siku ya kwanza nilitaka kuipasua. Siku ya pili niliitafuta barua yako ile ya mvua nzuri, ninayo, nimeilaza kando ya hii. Mwandiko ni ule ule, mzuri.

Nimekukasirikia sana, sitakuficha. Lakini siwezi kukukasirikia vizuri, kwa sababu nami nilikudanganya. Soksi hakuchukuliwa na mwewe. Yuko hapa, kwenye tundu karibu na dirisha, ananitazama ninavyoandika. Ana manyoya yake miguuni vile vile, ila soksi moja imechakaa.

Nilipofika siku ile nilifungua kapu, nikalifunga tena. Nilisema nitamwachia siku kaka atakayoniomba radhi, akae na wasiwasi kidogo. Wiki tatu, nne, barua ikaja. Nikaifungua kwa pupa. Kaka hajambo, mvua zimenyesha. Nikasema kumbe hivyo, mama yetu ni hadithi ya mvua. Nikamjengea Soksi tundu. Baada ya mwaka niliona aibu kumwachia, maana angefika huko na maswali. Kwa hiyo yeye alikuwa anamngoja Soksi, mimi ninamngoja yeye, na sote wawili tulikuwa tunangoja mlangoni pako. Na pangu.

Telegramu haikuchelewa. Niliipata siku ile ile saa nne asubuhi. Nilifunga mzigo nikaenda kituoni na kapu mkononi, Soksi ndani. Nikafikiri nitaingiaje kwenye msiba nimembeba huyu. Nitamweka wapi? Atanililia mbele ya watu. Na nikimwacha huku nitaingia na uso gani? Basi likajaa, likaondoka. Nilikaa kwenye benchi mpaka mwenye kibanda cha chai akafunga. Ndugu yangu wa pekee alizikwa nikiwa nimekaa kwenye benchi.

Misumari ya Taratibu ing'olewe, ihamishiwe mgongoni. Matundu ya bondeni yazibe kwa kipande cha kitambaa kilicholowa lami ya moto, kitambaa unacho. Halafu, na usinicheke, nirudishie bati moja la mama. Lile lenye rangi mpaka katikati. Liwekwe juu kabisa, upande unaoonekana. Nilisema kutu huhamia, na ni kweli inahamia. Iache ihamie.

Soksi nimeanza kumwachia chumbani anyooshe mabawa. Ni mzito na ameshazeeka. Jumapili, tarehe kumi Julai, asubuhi, nitamfungulia. Sijui kama anakumbuka. Nataka umngojee wewe.

Wifi yako, ninaendelea kukuita hivyo.


Nyumbani, 16 Julai 1988

Wifi yangu,

Sisi wazima. Nina malengelenge mikononi, kwa sababu misumari nimeing'oa mwenyewe. Taratibu nilimwita, akasema atakuja. Lami nimeimwaga kwenye gauni langu la bluu, ndilo sasa limekuwa viraka vya paa. Banda halivuji. Bati la mama nimelipandisha kwa kamba, mkubwa akalivuta kutoka juu. Ukilitazama toka barabarani ni kama mtu aliyevaa shati jipya na kofia kuukuu.

Jumapili tulikaa uani mchana kutwa. Nilikitoa kile kigoda. Jumatatu pia. Jumanne niliwaza mwewe, safari hii wa kweli. Jumatano nilirudi kwenye sare za shule, nikaelekeza cherehani dirishani.

Alhamisi, jua likiwa limelala kwenye mabati, nikasikia wenzake wametulia ghafla. Nikatazama. Alikuwa amefika, wifi. Alikwisha kutua, sikumwona akishuka. Alikuwa kwenye lile bati la mama, si kwenye jipya, pale pale rangi inapoishia, kifua kinapanda na kushuka. Amekonda na bawa moja linaning'inia. Nikamwagia mtama akaukalia, hakuwa na nguvu ya kula.

Sijui kama nimekusamehe benchi la kituoni, na wewe sijui kama umenisamehe barua. Nadhani itatuchukua muda. Lakini nilijua kilichotakiwa kufanywa na hapakuwa na mwingine wa kukifanya. Nikasimama pale kaka yako alipokuwa anasimama, nikasema kwa sauti, kama yeye, "Kafika."

Mdogo alikuwa ndani. Akauliza, "Nani kafika?" Nikamjibu bila kufikiri, nikasema, shangazi yako. Akatoka mbio mpaka getini, akalifungua, akasimama anatazama barabara huku na huku, ameziba mdomo kwa mkono ili usilione pengo lake kabla hajakusalimu.

Bado alikuwa amesimama pale nilipowasha taa.

Wifi yako.